Washenga Mlangoni, Wadhamini Uani

Washenga walikuwa wamesimama nje ya lango tangu saa nane mchana, na hakuna aliyekwenda kuwafungulia. Hilo lenyewe halikuwa neno. Mjini El Alto, huku juu milimani, mposaji asiposimamishwa kwenye baridi mpaka miguu imfe ganzi, majirani watasema binti wa watu ametolewa bure, na Bi Isidora, mama yake Nieves, hakuwa mwanamke wa kusemwa na majirani. Kama ni kusubiri, wangesubiri.

Kilichomkausha Nieves mate kilikuwa uani. Wanawake saba walikuwa wameketi wameegemea ukuta, shali zimebanwa kifuani, kofia zao za duara zimeshuka mpaka kwenye nyusi. Hakuna aliyewaalika. Walikuja mmoja mmoja baada ya misa, wakasalimia, wakakaa, wakanyamaza. Ndio waliokuwa kikundi chake, waliokopa pamoja naye na kudhaminiana. Kwa mkopo wa kikundi hicho Nieves alijenga tanuri lake la mikate, yeye ambaye miaka yote alikuwa akiuza mikate ya watu kwenye kikapu, vidole vimepasuka kwa baridi, faida ikienda kwa mwenye tanuri. Siku alipowasha moto wake mwenyewe kwa mara ya kwanza alilia mpaka mama yake akamkemea. Kwa hiyo msinione namsema vibaya Mama Fortunata, mkubwa wao, na wenzake. Walimtoa mbali. Ila siku ile, walivyokuwa wanamtazama, alitamani wangekuwa watu asiowajua.

"Kaa," alisema Mama Fortunata.

Mama Fortunata ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi. Aliuza viazi vikavu sokoni, na ndiye aliyempakata Nieves siku ya ubatizo, akawa mama yake mbele ya kanisa.

"Nimekaa sana leo, mama. Wacha nisimame."

"Nimesema kaa."

Nieves akakaa.

"Huyo anayetaka kukuoa ni kaka yake nani?"

"Mnamjua."

"Nataka nisikie kwa kinywa chako."

"Kaka yake Delfina."

"Delfina yupi? Yule uliyemleta wewe kikundini, ukatuapia kwamba ni mtu mwema, akachukua mkopo wake akatoweka? Yule tunayemlipia kila Jumanne, watoto wetu wakila supu isiyo na nyama? Au kuna Delfina mwingine?"

"Ni huyo huyo, mama."

"Asante. Nilidhani labda uzee umenichanganya."

Nieves alitazama mikono yake. Ni kweli, alimleta yeye. Alimleta kwa sababu Leoncio, huyo kaka yake Delfina, alimwomba, na wakati ule Leoncio angemwomba ang'oe tanuri alibebe kichwani angelibeba. Mapenzi bwana! Mtu mzima na akili zake anaweka jina lake chini ya jina la mwenzake kwa ajili ya kope ndefu za mwanamume mmoja zilizojaa vumbi la unga.

"Sasa nisikilize," aliendelea Mama Fortunata, na sauti yake ilipoa, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. "Ofisi ya mikopo haikopeshi kikundi chenye ndugu wa mtoro. Siku utakayoitwa wifi yake Delfina, sisi wote tumekwisha. Na Sikukuu ya Marehemu hiyo inakuja. Kila nyumba inataka mikate yenye sura za watoto ya kuwawekea wafu wao mezani. Wewe unaoka, Justa anauza, huyu ananunua sukari, mimi nategemea hiyo hiyo kulipa ada ya shule. Bila mkopo tutanunua unga kwa nini, kwa kofia zetu?"

"Kwa hiyo mnataka nimkatae."

"Nani kasema hivyo? Mwanamume mwenyewe hana ubaya. Tunamtaka Delfina. Tuambie aliko, arudi alipe, na wewe uolewe leo leo, tutakuchezea mpaka visigino vipasuke. Rómulo masikini yuko hapo nje na washenga. Ameniambia mwenyewe huku analia, kwamba akijua tu mji alioko mkewe, atamfuata hata kwa miguu amrudishe."

Jina la Rómulo lilimpitia Nieves mwilini kama maji ya bomba ya asubuhi. Rómulo, mume wa Delfina, alikuwa mshona suti, mwanamume mtanashati, mwenye sauti laini ambayo hujawahi kuisikia ikipanda. Na Delfina, walipokuwa wakikanda unga pamoja, hakukunja mikono ya sweta yake hata siku moja. Unga ulimganda mpaka kwenye viwiko, akicheka anasema anasikia baridi. Siku moja Nieves alimkunjia mikono hiyo yeye mwenyewe kwa nguvu, kwa utani. Aliona alichokiona, akaikunjua taratibu. Hawakuzungumza juu ya jambo lile tena.

"Mama," alisema, "Rómulo alikuwa anampiga. Hata ule mkopo, ulipita mkononi mwa Delfina ukaishia kwake siku ile ile."

Aliomba moyoni mmoja wao aseme kitu. Justa, aliyekuwa binamu yake Rómulo, aligeuza uso.

"Nani hapa hajapigwa?" alisema Mama Fortunata. Hakusema kwa ukali, alisema kama mtu anayeuliza nani hajanywa chai. "Tumepigwa, na Jumanne tumefika. Aliko ni wapi?"

"Haki ya Mungu sijui."

Na wakati ule ulikuwa ukweli mtupu.

Bi Isidora, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa jikoni akifuta sahani iliyokauka zamani, akaingilia. "Nieves, nenda kalete kuni. Hao wazee wa nje nitawafungulia sasa hivi, Mzee Calixto ana kifua, sitaki anifie mlangoni." Na alipompita bintiye akamnong'oneza bila kufungua midomo. "Yuko nyuma ya tanuri. Fanya upesi."

*

Nyuma ya tanuri kulikuwa na ukuta wa matofali ya udongo, na kwenye ukuta ule palikuwa na tofali moja lililoanguka. Nieves aliinama. Aliona jicho, nusu ya shavu lililonyolewa na kukatwa kidogo, na ukosi wa shati jipya.

"Umevaa ile sketi ya kijani?" Leoncio aliuliza.

"Huoni?"

"Naona goti tu."

"Basi goti linakutosha kwa leo."

Alicheka, na Nieves alijikuta anacheka naye, huku machozi yanamtoka. Kwa muda mfupi walibaki hivyo, wakitazamana kwa jicho moja moja. Alimpenda mwanamume huyu. Alipenda alivyoingia uani kila wiki na gunia begani, akisema "mzigo wa mke wangu huu" wakati hata hajamwambia mtu neno. Alipenda kwamba alikuwa na njia moja tu duniani, kushuka na gari lake Villazón mpakani, kupakia unga wa ng'ambo, kupanda nao El Alto, na kwamba mwisho wa njia ile siku zote ulikuwa mlango wake. Alimpenda na aliogopa, na vyote viwili vilimshika mahali pamoja, chini ya mbavu.

"Leoncio. Wamo saba humo ndani. Wanasema nikikubali posa, mkopo umekufa. Hakuna unga, hakuna sikukuu, nami nitawaponza watu walionilea."

"Najua. Nimewasikia kupitia lango."

"Wanamtaka Delfina."

Jicho lile liliondoka tunduni, likarudi.

"Leoncio, unajua aliko?"

"Usiniulize hilo."

"Nimeshakuuliza."

Upepo ulipiga mabati ya paa. Upande wa pili wa nyumba komeo la lango lilisikika likivutwa, na Bi Isidora akianza kuwasuta washenga kwa sauti ya juu, kama desturi inavyotaka, eti wamepotea njia, hapa hapana binti, hapa kuna kuku tu.

"Nilimchukua mimi," alisema Leoncio. "Alikuja garini alfajiri, hana viatu, taya limevimba hawezi kusema. Nilimfunika kwa maturubai katikati ya magunia matupu nikashuka naye. Yuko Villazón, anaosha vyombo kwenye mgahawa wa mama mmoja nyuma ya stesheni. Sikumwambia mtu, wala baba. Alisema akirudi Rómulo atamuua, nami nililiona lile taya, Nieves, sikuwa na swali."

"Na mimi umeniacha miezi yote hii naapa mbele za watu."

"Ungejua ungeapa uongo. Nilitaka uape ukweli."

"Usinifanyie maneno matamu. Nimemlipia. Nimekula viazi vitupu kumlipia dada yako, na wewe unanitazama."

"Niliongeza gunia kila mwezi bila kukwambia. Hukuhesabu?"

Hakuwa amehesabu. Hasira yake ilikosa pa kusimama, ikabaki hofu peke yake.

"Rómulo yuko na nyinyi," alisema. "Kwa nini umemleta?"

"Ningemwachaje? Baba kamwita mwenyewe. Ndiye mkwe wa nyumba yetu."

Nieves alielewa. Kwao, ukioa nyumba ya watu wewe ndiye mtumishi wao, na kila shughuli yao ni wewe wa kubeba makreti, kumimina, na kuosha bilauri mpaka uzeeke. Posa isiyo na mkwe wa kuhudumia ingezua maswali, na wakianza kuuliza wangeuliza mpaka wapate.

"Basi sikiliza," alisema kwa haraka. "Tutakana wote wawili. Nitawaambia wanipe muda, hata mwaka mzima. Ukiulizwa, wewe hujui kitu."

"Na wakisema hapana?"

"Hawatasema."

"Watasema. Nikiona wanataka kunikatalia, nitasema aliko. Nimesubiri sana. Nitamwambia mama yako wa ubatizo peke yake, faragha, yeye atajua la kufanya. Siwezi kukukosa, Nieves. Nimejaribu kufikiri siku moja bila wewe, nikashindwa kuimaliza."

"Usithubutu. Huyo mama yangu atamwambia Justa kabla hajafika nyumbani, na Justa ni damu yake Rómulo. Niapie hutasema."

"Nieves!" mama yake aliita. "Hizo kuni umezipanda?"

Alipogeuka kutazama tena tunduni, jicho halikuwepo. Hakuapa.

*

Mzee Calixto, baba yake Leoncio, alitandaza kitambaa chenye majani ya koka katikati ya uwanja, akavua kofia, akaanza kusema maneno ya posa. Alisema kwamba wamepita mlimani wakaona ua, wamekuja kuliulizia mwenyewe. Alikuwa mzee mpole, na shangazi yake Leoncio aliyekaa kando yake alikuwa anaitikia kila neno. Siku nyingine Nieves angeona raha. Binti akinyoosha mkono tu, akachukua majani kidogo akatia mdomoni, basi ameposwa. Alikuwa ameota mkono huo tangu mwaka juzi.

Rómulo alipita akimimina bia. Alimimina vizuri, bila povu kumwagika, akianza na wazee. Suti yake ilikuwa imenyooka. Alipofika kwa Nieves aliinama kidogo.

"Kunywa, shemeji. Umejikunyata. Ni baridi?"

"Ni baridi."

"Delfina naye alikuwa anasikia baridi sana," alisema Rómulo, akasogea kwa mwingine.

Mama Fortunata alimwacha Mzee Calixto amalize, kisha akaweka bilauri yake chini bila kuionja.

"Mzee wangu, maneno yako mazuri. Lakini kwanza sisi tuna neno letu. Binti huyu ni wa mama yake, ni wa Mungu, na ni wetu. Tumemsimamia kwa majina yetu. Nyinyi mna binti aliyetukimbia. Mnatupa nini badala yake?"

"Mama, hilo nami linaniumiza," alisema mzee. "Binti ni wangu. Lakini aliko sijui, na kama ningejua ningekwambia hapa hapa."

"Mumewe naye hajui?"

Rómulo aliweka chupa chini. Alitoa leso, na machozi yalikuwa yameshafika. "Kila siku napika chakula cha watu wawili," alisema. "Sina ugomvi naye. Arudi tu. Deni nitalilipa mimi mwenyewe, nitawauzia hata cherehani. Kama kuna mtu hapa anajua chochote, namwomba kwa jina la mama yake aniambie."

Wanawake wawili walijipangusa macho. Mama Fortunata mwenyewe alishusha pumzi. Nieves aliwatazama, akaona namna kila mmoja wao alivyokuwa amechoka, jinsi ambavyo wangependa sana jambo hili liishe kwa mwanamume mwema anayelia na mke anayerudi nyumbani.

"Basi ni hivyo," alisema Mama Fortunata. "Nimesikitika, mzee. Delfina akionekana, rudini na kitambaa chenu, lango tutawafungulia hata kabla hamjabisha. Leo hapana. Kikundi kimekataa."

Bi Isidora alifungua mdomo, akaufunga. Tanuri lile ndilo lililomnunulia dawa za moyo.

Ndipo Leoncio aliposimama.

Alikuwa mweupe kama mtu aliyetoka kushusha mzigo wa unga. Hakumtazama Mama Fortunata. Alimtazama Nieves, na machoni mwake mlikuwa na mapenzi mengi kiasi kwamba yalimtisha. Alijua neno linalofuata kabla halijatoka, na alimwona Rómulo, leso ikiwa bado shavuni, akiacha kulia.

"Kuna jambo nataka kusema," alisema Leoncio. "Mama Fortunata, naomba tusogee pembeni mimi na wewe. Kuhusu dada yangu, mimi..."

"Simtaki," alisema Nieves.

Alilisema kwa sauti kubwa mno. Kuku walikimbia.

"Simtaki mwanamume huyu. Hapana haja ya kusogea pembeni. Wala msimhangaikie dada yake, wala kikundi kisijisumbue. Mimi mwenyewe nimekataa. Nilikuwa namchezea tu kwa sababu ya unga."

Leoncio alimsogelea hatua moja.

"Nieves," alisema taratibu.

"Si umesikia? Ulikuwa unaniongezea magunia. Nani angekataa magunia?"

Alisikia shangazi akivuta pumzi, akamsikia mama yake akisema "we mtoto" kwa sauti ya chini. Hakuondoa macho usoni kwa Leoncio. Alimwomba kwa macho hayo hayo anyamaze, aelewe, aende. Sijui kama kuna adhabu kubwa kuliko kumwumiza umpendaye huku unamtazama, na usiweze kugeuka kwa sababu ukigeuka atasema.

Leoncio alivaa kofia yake. Aliinama akakunja kitambaa cha koka, pembe moja baada ya nyingine, akatoka bila kuaga.

Mzee Calixto alimfuata akikohoa. Alikataa kupanda garini. Alisema atatembea na dada yake mpaka nyumbani, aibu ipoe njiani. Wanawake wa kikundi walianza kunong'ona, na Mama Fortunata alimshika Nieves bega, akalibonyeza. "Umefanya la kiume," alisema. "Nilijua hukulelewa ovyo."

Rómulo alibaki kukusanya bilauri. Ndiyo kazi yake, hata posa ikikataliwa. Alizikusanya bila haraka, akimwaga bia iliyobaki ardhini, akizipanga kwenye kreti. Ya mwisho ilikuwa ya Nieves. Alikuja kuichukua mkononi mwake, akainama kama alivyoinama mwanzo.

"Umemwahi upesi sana, shemeji," alisema kwa sauti ile laini. "Maskini ya Mungu, neno halijatoka hata nusu. Miezi yote nilikuwa najiuliza ni nani aliyempeleka. Nilidhani alipanda basi. Nilidhani treni." Alichukua bilauri, akaikung'uta. "Na gari la Leoncio linakwenda mji mmoja tu."

Aliweka kreti chini ya ukuta kwa uangalifu, akawaaga wanawake mmoja mmoja kwa mkono, akatoka langoni. Hakwenda upande wa gari. Aliteremka upande wa stendi, akinyoosha koti lake, hatua zake za mtu asiye na wasiwasi.

Basi la Villazón huondoka jioni. Nieves alijua, nani El Alto asiyejua?

*

Alisimama pale labda kwa muda wa kuvuta pumzi, labda zaidi. Akili yake ilimwambia mambo ya kijinga, kwamba unga wa kesho haujachekechwa, kwamba kuni alizozileta ni mbichi. Kisha akasikia gari la Leoncio likiwashwa nje, likakohoa, likazima, likawashwa tena, na miguu yake ikaondoka yenyewe.

"Nieves?" alisema Mama Fortunata.

Alikuwa ameshavuka lango. Alikimbia akiwa ameshika sketi zake kwa mikono miwili, kofia ikaanguka, hakuiokota. Gari lilikuwa limeanza kuserereka kwenye kokoto. Alipiga bodi la gari kwa kiganja, akapiga tena, likasimama.

Leoncio aliteremsha kioo. Macho yake yalikuwa mekundu. "Umesahau tusi gani?" aliuliza.

"Amejua."

"Nani?"

"Rómulo. Ulipotaka kusema na mimi nikakukatiza, akajua kwamba ni wewe uliyemchukua, na anajua gari lako linakokwenda. Ameteremka stendi. Leoncio, anapanda basi la jioni."

Alimwona akielewa. Rangi ilimtoka usoni kuanzia paji la uso.

"Piga simu huko," alisema Nieves.

"Mgahawani hapana simu." Alishika usukani kwa mikono yote. "Kumbe ulisema vile ili..."

"Ulidhani kwa ajili ya magunia? Wewe nawe. Nakupenda mpaka naumwa, bado unaniuliza. Nenda, utamtangulia."

Hakuenda. Alifungua mlango wa upande wa pili.

"Akiniona peke yangu hatatoka," alisema. "Atajua nimelazimishwa, atadhani Rómulo yuko nyuma yangu, atakimbia, na hapo ndipo atakapomkuta. Akikuona wewe atatoka. Panda, Nieves."

Aligeuka nyuma. Walikuwa wametoka wote, wamesimama langoni, wanawake saba na mama yake. Bi Isidora alikuja mbio na shali lake mwenyewe, akamtupia begani bila kusema neno, akamfunga fundo kifuani kama alivyomfunga alipokuwa mtoto wa shule. Mikono yake ilikuwa inanuka sabuni. Kisha akarudi nyuma akasimama peke yake, si kwa wanawake, si kwa gari.

Mama Fortunata alikuwa ameishika ile kofia iliyoanguka. Alitazama mlango wa gari uliokuwa wazi, akamtazama Nieves, na kwa mara ya kwanza tangu amfahamu, Nieves aliona mama huyu naye anaogopa. Siku ya Jumanne yule mama angesimama mbele ya ofisi akiwa na wanawake sita tu nyuma yake.

"Usipande," alisema. "Mwanangu, nakuomba. Usipande hilo gari."

"Kuna mtu atakufa, mama. Nikirudi nitakueleza yote."

"Nieves."

Alipanda. Kiti kilikuwa na vumbi la unga, na Leoncio alimshika mkono akaubana mpaka ukauma, na hakuuachia hata alipotia gia. Alitoa kichwa dirishani. Alitaka kusema mambo mengi, kwamba tanuri ni lao walitumie, kwamba Justa asiambiwe kitu, kwamba yeye si mwizi. Gari lilikuwa linaondoka.

"Nitarudi Jumanne!" alisema kwa nguvu. "Na fungu langu la mkopo, mama. Naapa kwa Mungu nitarudi."

Mama Fortunata alikuwa anatembea kando ya gari, kisha anakimbia kidogo, mwanamke mzito, kofia ya mtoto wake wa ubatizo mkononi, mpaka pumzi ikamwishia akasimama katikati ya barabara.

"Hata Delfina alisema hivyo," alijibu.